Je, nilipie "usajili" ili mawakala wa akili unde wanunue kwenye tovuti ya duka langu?

*"Nina duka la leso, vikoi na mikeka hapa Mombasa, na tovuti ya WooCommerce tangu 2021. Wateja wengi wako Nairobi, wengine Muscat na London. Wa hapa nchini hulipa kwa M-Pesa, wa nje kwa kadi. Juzi fundi mmoja ameniambia watu hawafungui tena tovuti wenyewe, wanaituma AI iwanunulie, na kwamba nisiposajiliwa kwenye MCP, ACP na UCP duka langu halitaonekana kabisa. Anataka shilingi 180,000 za usajili, kisha 20,000 kila mwezi. Nina hofu nyingine pia: hiyo AI ikinunua, halafu mwenyewe aseme hakuagiza, hasara ni ya nani? Na si nitakuwa nimewafungulia wezi mlango? Naomba jibu la wazi, maana pesa yenyewe itabidi nikope."*

Ndugu yangu, usikope kwanza. Umeuliza mambo matatu kwa pamoja: kama kuna kitu cha kusajiliwa, kama kuna haraka, na kama mlango ukifunguliwa wezi wataingia. Naanza na la pesa kwa kuwa ndilo linalokubana leo.

MCP, ACP na UCP ni viwango huria, yaani itifaki: kanuni zilizokubaliwa za namna programu za AI zinavyozungumza na tovuti. Maandishi yake yako hadharani. Yeyote anaweza kuyasoma na kuyatumia kwenye tovuti yake bila kulipia leseni na bila kuomba ruhusa kwa mtu. MCP ilitolewa na kampuni ya AI ya Anthropic Novemba 2024, na Desemba 2025 ikakabidhiwa kwa mfuko ulio chini ya Linux Foundation. ACP ilitolewa na OpenAI, wenye ChatGPT, pamoja na kampuni ya malipo ya Stripe Septemba 2025, kwa leseni huria ya Apache 2.0. UCP ilitangazwa na Google, jukwaa la maduka ya mtandaoni la Shopify na maduka kadhaa makubwa ya Marekani Januari 2026. Hakuna hata moja kati ya hizo yenye daftari la wanachama wanaotozwa ada ya mwezi. Kilichopo ni fomu za kuomba kuingia kwenye huduma ya kampuni fulani: OpenAI ina fomu ya wauzaji wanaotaka bidhaa zao zionekane ndani ya ChatGPT, na Google ina Merchant Center ya kuwekea orodha ya bidhaa. Kuzijaza ni bure. Fundi ana haki ya kutoza kazi ya mikono yake, na kazi nzuri inastahili malipo. Lakini akisema analipia "usajili wa ACP", mwombe akuonyeshe risiti ya huko zinakopelekwa pesa hizo.

Sasa hilo la kutoonekana. Wakala wa akili unde, yaani programu inayopewa kazi na mtu kisha ikazunguka mtandaoni kuitekeleza, hufika kwenye duka lako kwa njia mbili, na moja kati ya hizo tayari iko wazi. Njia ya kwanza ni kufungua ukurasa wako kama anavyoufungua mteja: anasoma maandishi, anatafuta kitufe, anakibonyeza, anajaza fomu. Hapo hahitaji itifaki yoyote kutoka kwako. Njia ya pili ni kuzungumza na seva yako moja kwa moja kwa lugha iliyokubaliwa, bila kuugusa ukurasa. Majina yote uliyotajiwa ni ya njia hii ya pili. Kwa hiyo si kweli kwamba bila hayo huonekani. Kilicho kweli ni kwamba tovuti nyingi ndogo zinamshinda wakala hata kwa njia ya kwanza, kwa sababu ambazo hazihusiani kabisa na itifaki, na hizo unaweza kuzirekebisha mwenyewe.

Chukua leso. Mteja wa London anamwambia wakala wake, "Nitafutie leso ya rangi ya zambarau yenye jina fulani, pea mbili, zifike kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo." Ikiwa jina la leso linaonekana kwenye picha tu na hukuliandika popote, wakala anaweza asilione. Ikiwa bei ni 1,200 na hujasema ni ya pea au ya kipande kimoja, atakisia, na akikisia vibaya mteja atakulaumu wewe. Ikiwa gharama ya kutuma nje umeiandika "tuwasiliane kwa WhatsApp", wakala mwaminifu husimama papo hapo na kurudi kwa mwenyewe kusema ameshindwa. Halafu huenda kwenye duka linalofuata.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, ni kusafisha maelezo ya bidhaa. Kwa kila leso andika kwa maneno: jina lililochapwa, rangi, kitambaa, urefu na upana kwa sentimita, bei ni ya pea au ya kipande, na uzito kwa gramu uliopimwa kwenye mizani. Uzito ndio utakaokuwezesha kuweka jedwali la gharama za kutuma kwa kila nchi badala ya mazungumzo ya WhatsApp. Ukitaka kuthibitisha oda kwa WhatsApp, fanya hivyo baada ya oda kuingia. Weka ukurasa mmoja wa masharti ya kurudisha bidhaa: siku ngapi, nani analipa nauli, na ipi hairudishwi. Kisha ingia kwenye mipangilio ya WooCommerce na uruhusu mtu kuagiza bila kufungua akaunti, maana hatua ya kuunda akaunti na nywila ndipo mawakala wengi hukwama.

Chini ya maandishi yanayosomwa na watu kuna maelezo ya pili yanayosomwa na mashine. Yamejengwa kwa msamiati wa schema.org, ulioanzishwa na Google, Microsoft na Yahoo mwaka 2011, na kwa kawaida huandikwa kwa mtindo uitwao JSON-LD. WooCommerce huyaweka yenyewe kwenye kila ukurasa wa bidhaa, kwa hiyo huenda tayari unayo na hujui. Tatizo ni kwamba mara nyingi hayako sawa, na makosa yenyewe ni yale yale kila tovuti. Mandhari au plagini nyingine huandika bei "1,200" yenye mkato, wakati kinachotakiwa ni "1200" au "1200.00", mashine nyingine ikikuta mkato huo husoma shilingi moja na senti ishirini. Huandika sarafu "KSh" badala ya msimbo wa kimataifa, KES. Hali ya stoki husema ipo milele, kwa sababu hukuwasha usimamizi wa stoki kwenye bidhaa hiyo, na WooCommerce bila kuambiwa vingine huchukulia kwamba ipo. Bidhaa yenye machaguo, kwa mfano kikoi cha saizi tatu, hutoa bei ya chini na bei ya juu tu, wala haisemi saizi ipi ni bei gani. Ikiwa tofauti ni kubwa, ni afadhali kila saizi iwe na ukurasa wake. Jingine ni plagini ya kutafuta nafasi nzuri Google: huongeza maelezo yake juu ya yale ya WooCommerce, ukurasa ukabaki na bei mbili zinazopingana. Bandika anwani ya bidhaa yako kwenye validator.schema.org na utayaona yote haya bila kumlipa mtu. Fanya bidhaa kumi kwa siku ukianza na zinazouzika zaidi. Hata stoki ya bidhaa mia haitakumaliza.

Jambo la tatu la bure ni majina ya vitufe na visanduku vya fomu. Mawakala wengi wanaotumia kivinjari hutegemea maelezo yale yale yanayotumiwa na programu za kuwasomea wasioona. Kitufe kilicho na picha ya kikapu tu bila jina ni ukuta kwa wote wawili. Mwambie fundi ahakikishe kila kitufe na kila sehemu ya kujaza ina jina lake ndani ya msimbo. Mteja wako asiyeona atakushukuru kabla ya wakala yeyote kufika.

Baada ya hapo angalia kama hujawafungia mlango bila kujua. Faili ya robots.txt, desturi ya tangu 1994 iliyorasimishwa mwaka 2022 kama kiwango cha mtandao kiitwacho RFC 9309, ndiyo inayowaambia wageni wa mashine waende wapi na wasiende wapi. Kampuni moja huweza kuwa na wageni watatu tofauti. OpenAI ina GPTBot inayokusanya maandishi ya kufundishia mifumo, OAI-SearchBot inayotafuta kurasa za kuonyesha kwenye majibu, na ChatGPT-User anayekuja pale mtu anapomtuma. Anthropic nayo ina ClaudeBot, Claude-SearchBot na Claude-User. Wenye tovuti wengi waliosikia habari za kuibiwa maandishi waliwafungia wote kwa mkupuo, wakajitoa sokoni. Ukitaka kukataa kufundishiwa lakini ubaki kuonekana, inatosha kuandika hivi:

User-agent: GPTBot
Disallow: /

User-agent: OAI-SearchBot
Allow: /

Elewa tu kwamba faili hii ni ombi, haimzuii mtu kwa nguvu. Kampuni ya AI ya Perplexity, kwa mfano, inaeleza wazi kwamba mashine yake ya Perplexity-User kwa kawaida haiifuati, kwa hoja kwamba ni mtu aliyeituma. Na upande wa pili, unaweza kuwa umewaruhusu kwenye robots.txt huku kampuni inayohifadhi tovuti yako inawazuia kwenye lango lake. Cloudflare, kampuni ya kulinda tovuti, tangu Julai 2025 huziwekea tovuti mpya zuio dhidi ya mashine za kukusanya maandishi ya AI kama chaguo la kuanzia. Mwambie fundi afungue kumbukumbu za seva atafute majina hayo; akikuta msimbo 403 mbele yake, ujue wanafukuzwa mlangoni.

Hapa ndipo tunapofika kwenye itifaki zenyewe, na sasa utaona kila moja inakaa wapi. MCP ni njia ya wakala kuuliza na kutumia zana za mfumo wako: tafuta bidhaa, angalia stoki, eleza oda imefika wapi. ACP na UCP zinashughulikia kikapu hadi oda kufungwa. Kwenye malipo na ushahidi wa nani ameidhinisha kuna AP2 ya Google, Trusted Agent Protocol ya Visa na Agent Pay ya Mastercard. Utasikia pia x402 ya Coinbase, ya malipo madogo madogo kwa sarafu za kidijitali. Duka la leso halina shughuli nayo.

Nieleze ACP kidogo, kwa sababu ni mojawapo ya alizokutajia fundi na ndipo mahali pa kuharibikiwa. Wakala anatuma ombi kwenye seva yako la kufungua kikao cha ununuzi: bidhaa hizi, idadi hii, anwani hii. Seva yako inajibu kwa orodha kamili, gharama ya kutuma, kodi, jumla, na hali ya kikao: bado hakijawa tayari kulipiwa, au kiko tayari. Mteja akibadilisha anwani, kikao kinasasishwa na jumla inahesabiwa upya. Akikubali, wakala anakamilisha kikao kwa kuleta tokeni ya malipo. Tokeni hiyo si namba ya kadi, ni msimbo unaosimama badala yake. Imefungwa kwa muuzaji mmoja, kiasi kisichozidi kilichokubaliwa, na muda wa kwisha, kwa hiyo hata ikivuja haifai kwa duka jingine. Na jambo kubwa kwako: muuzaji unabaki kuwa wewe. Malalamiko, kurudisha pesa, kufunga mzigo na kuutuma, vyote ni juu yako kama siku zote.

Kiasi katika ACP huandikwa kwa namba kamili ya sehemu ndogo kabisa ya sarafu. Shilingi 1,200 za Kenya ni 120000, kwa maana ni senti. Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, unaotuma ujumbe wa kuingiza PIN kwenye simu ya mteja, hupokea shilingi nzima. Fundi akichukua 120000 akaipeleka Daraja bila kugawanya kwa mia, mteja ataombwa shilingi 120,000, na kwa kuwa kiasi hicho kiko ndani ya kikomo cha muamala mmoja wa M-Pesa, mfumo hautakizuia. Zaidi ya hapo, si sarafu zote zina senti kwenye viwango vya kimataifa: shilingi ya Uganda na faranga ya Rwanda huhesabiwa bila sehemu ndogo, kwa hiyo kugawanya kwa mia huko ni kosa la upande wa pili. Kanuni hii lazima iandikwe kwa kila sarafu, na ijaribiwe kwa oda ya shilingi kumi kabla ya kufunguliwa kwa watu.

Tofauti ya pili ni muda. Kadi hujibu papo hapo. STK Push, yaani ule ujumbe wa PIN, hungoja mtu achukue simu, asome, aingize PIN, na jibu huja baadaye kwenye anwani ya seva yako uliyoisajili. Wakala asiyelijua hilo huona kimya, hudhani ombi limeshindwa, na hulituma tena. Mteja hupata ujumbe mara mbili, akiwa na haraka hulipa mara mbili, na wewe unaanza siku kwa ugomvi. Dawa ni mbili na zote zinahitajika. Kwanza, kila ombi la kufunga oda libebe ufunguo wa kipekee, na seva yako ikipokea ufunguo ule ule mara ya pili irudishe jibu la kwanza, isiunde oda mpya. Pili, kabla ya kutuma ujumbe mwingine wa PIN, seva iulize Daraja hali ya muamala wa kwanza kwa kutumia namba ya ombi hilo, CheckoutRequestID. Jibu 0 ni kwamba amelipa. 1 salio halikutosha. 1032 amekataa mwenyewe. 1037 simu haikupatikana au hakujibu. Aliyekataa usimtumie tena bila yeye kuomba. Na jibu la "amelipa" likifika kwenye anwani yako, usifunge mzigo kwa kuliamini hilo peke yake, kwani mtu akiijua anwani anaweza kulighushi. Seva iulize Daraja upya na ilinganishe kiasi.

Ugumu huo una upande wake mzuri, na ni vizuri uujue. PIN ya M-Pesa huingizwa kwenye simu ya mwenye pesa. Wakala hawezi kuiingiza. Maana yake kila ununuzi wa M-Pesa unapita kwenye kidole cha mtu halisi aliyeona kiasi na jina la biashara yako. Wanaotengeneza itifaki za malipo ya mawakala ng'ambo wanahangaika kujenga ushahidi wa namna hiyo, na wateja wako wa Nairobi wanao tangu zamani. Fundi yeyote akikuambia ataondoa hatua ya PIN ili "wakala alipe moja kwa moja", mkatalie.

Kwa kadi mambo ni mengine, na hapo ndipo swali lako la hasara linapouma. Mteja wa London akidai mbele ya benki yake kwamba hakununua, na malipo yalipita bila 3-D Secure, yaani hatua ya mwenye kadi kuthibitisha malipo kwa benki yake, kwa kawaida pesa inakatwa kwako. Yakipita kwa 3-D Secure, kwa kawaida hasara inahamia benki iliyotoa kadi. Wakala anapolipa wakati mteja amelala, nani ataweka uthibitisho? AP2, iliyotangazwa Septemba 2025 na Google pamoja na kampuni zaidi ya 60, inajibu kwa hati zenye sahihi ya kidijitali. Fikiria mtoto aliyetumwa dukani na kikaratasi: hati ya kwanza ni kile alichotumwa na mpaka wa pesa, ya pili ni kikapu chenyewe na bei zake kama muuzaji alivyozitaja, ya tatu inaiambia benki kwamba malipo haya yamefanywa na wakala, na kama mwenyewe alikuwepo au la. Mzozo ukizuka, hati hizo zinasomwa: je, alichonunua kinalingana na alichotumwa? Ni wazo zuri. Lakini linakulinda pale tu benki yako na kampuni yako ya malipo zinapozitambua hati hizo. Mpaka zikuandikie kwamba zinazitambua, shikilia 3-D Secure kwa kila oda ya kadi na usitume mzigo wa thamani kubwa siku ile ile.

Kuhusu kumtambua wakala wa kweli na wa bandia: jina analojitangaza nalo halithibitishi kitu, yeyote anaweza kujiita ChatGPT-User. Uthibitisho ni wa namna mbili. Kampuni nyingine hutangaza orodha ya anwani za IP zake, na lango la seva hulinganisha. Njia imara zaidi ni sahihi ya kidijitali kwenye kila ombi, kwa kiwango cha RFC 9421 cha mwaka 2024. Trusted Agent Protocol ya Visa ya Oktoba 2025 imejengwa juu yake. Hutaijenga mwenyewe, itakuja kupitia kampuni ya lango au ya malipo. Na si kila anayenunua hujitambulisha. Novemba 2025 Amazon iliishtaki Perplexity huko Marekani ikidai wakala wake alikuwa akijificha kama kivinjari cha kawaida.

Wezi wa kuogopa kwa duka la ukubwa wako ni wa zamani: mashine zinazojaribu kadi za wizi kwa oda ndogo ndogo, mia kwa saa. Weka kikomo cha majaribio ya malipo kwa kila anwani ya IP na kwa kila barua pepe. Punguza muda wa kushikilia stoki kwa oda zisizolipwa. WooCommerce huanza na dakika 60, na 15 zinatosha hata kwa M-Pesa. Bei ihesabiwe kwenye seva yako daima, wala isikubaliwe kutoka kwa ombi la wakala. Kagua maoni ya wateja kabla ya kuyachapisha, kwa sababu mtu anaweza kuandika ndani yake amri inayomlenga wakala, kama kumwambia ampeleke mteja tovuti nyingine, na wapo mawakala ambao bado hudanganyika. Kuna mafundi wanaouza hila hiyo hiyo kwa upande wa muuzaji, maandishi yaliyofichwa yanayomwamuru wakala alichague duka lako. Usiinunue. Ni kumhadaa mteja wako kupitia mjumbe wake.

Basi je, ujenge au usijenge? Ukiniuliza mimi, kwa sasa usijenge ACP wala UCP. Ununuzi wa ndani ya ChatGPT ulianza kwa wanunuzi walioko Marekani na wauzaji wa soko la mtandaoni la Etsy wa huko huko, na njia yake ya malipo ya kwanza ilikuwa Stripe, ambayo haifungulii biashara za Kenya akaunti moja kwa moja. Paystack, iliyonunuliwa na Stripe mwaka 2020, iko Kenya na hupokea M-Pesa na kadi, lakini uhusiano huo haumaanishi tokeni za ACP zitapita kwake; waandikie uwaulize. Maandishi ya itifaki hizi bado yanabadilika, kila toleo la ACP lina tarehe yake, kwa hiyo msimbo utakaolipia leo utahitaji kurudiwa. Wenye majukwaa nao wanaziingiza wenyewe: maduka ya Shopify yalipewa seva ya MCP mwaka 2025 bila kuomba, na WooCommerce ilianza kuijaribu MCP mwaka huo huo. Kitu ambacho kitakuja kwa sasisho hakifai kukopewa.

Hatua ya katikati inayoweza kukufaa ni faili ya bidhaa, jedwali la kawaida la CSV lenye namba ya bidhaa, jina, maelezo, bei na sarafu, stoki, anwani ya ukurasa na ya picha. Merchant Center na OpenAI zote hupokea faili za namna hii, ingawa majina ya safu hutofautiana. Ukishasafisha bidhaa zako, WooCommerce ina kitufe cha kutoa jedwali la CSV, ila hakikisha safu zote hizo zimo. Lisasishwe angalau mara moja kwa siku. Bei ya faili ikipishana na ya ukurasa, bidhaa hukataliwa. Ungekuwa na nusu ya mauzo yako Marekani, na kampuni iliyosajiliwa huko, ningekupa ushauri mwingine kuhusu ACP.

Yapo mambo ambayo usiyafanye kwa kusoma tu. Mabadiliko yoyote kwenye msimbo wa malipo yafanywe na fundi ambaye unaweza kuona duka jingine alilolijenga na kuzungumza na mwenye duka hilo, na ajaribu kwenye nakala ya tovuti kabla ya ile hai. Benki ikikuletea barua ya mteja kukana malipo, nenda idara yao ya kadi na risiti, anwani na uthibitisho wa kupokelewa mzigo mara moja, kwa kuwa siku za kujibu zimehesabiwa. Ukitaka kupeleka namba za simu na anwani za wateja kwenye huduma iliyo nje ya nchi, keti na mwanasheria anayeijua Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019.

Na huyo fundi: ikiwa tayari umempa Consumer Key, Consumer Secret au Passkey ya Daraja, au nywila ya msimamizi wa tovuti, badilisha zote leo kabla hamjaendelea na mazungumzo. Kisha mwombe akuandikie bei nyingine, ya kazi hizi tu: kusahihisha maelezo ya schema.org, majina ya vitufe, ukaguzi wa kumbukumbu za seva, ufunguo wa kuzuia oda mbili na uthibitishaji wa M-Pesa. Kazi hiyo ina mwanzo na mwisho, na haina malipo ya kila mwezi.